Dereva Amezeeka

Mdogo wangu Eliakimu hajui kukaa. Tangu utotoni yuko hivyo. Marehemu mama alikuwa akimwita Upepo, na kwa sisi wa Dodoma tunaofagia vumbi asubuhi na jioni, mtu akikuita hivyo hajakusifu. Alipopata kazi ya udereva serikalini tulishukuru wote, maana angalau sasa angezurura kwa mshahara. Miaka na miaka amewapeleka wakubwa Singida, Kondoa, Iringa, na akirudi kwake Mkonze chai anainywa amesimama. Sasa mtu wa namna hiyo umfungie nyumbani kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane! Weee. Nyumba yangu na yake zinatazamana, ua ni mmoja, na nakwambia nilikuwa nasikia makubazi yake yakisaga changarawe kutwa nzima mpaka nikatamani niyachome moto.

Kilichomfungia ni kiharusi. "Kidogo tu," walisema hospitali. Labda kwao kidogo. Sisi tuliomkuta asubuhi ameshika kikombe na kikombe kinamponyoka, mdomo umekwenda upande, hatukuona kidogo chochote. Lakini Mungu alisaidia. Mguu ukarudi, mdomo ukarudi na maneno yake yote, mkono wa kushoto ndio uliobaki mzito. Walimpangia na siku ya kupimwa macho. Akasema macho yake mazima, anasoma Zaburi bila miwani, akapoteze muda huko wa nini? Siku ilipofika hakwenda. Nilimgombeza, akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Kweli, mimi nauza mafuta ya alizeti pale soko la Majengo. Nikanyamaza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Basi mwishoni mwa Agosti akapigiwa simu na Bwana Henry, yule anayesimamia magari ofisini kwao. Muungwana yule, hana neno na mtu. Akamwambia, "Eliakimu, Jumatatu ijayo njoo uwanjani tukujaribu. Ukiliendesha gari vizuri, unarudi barabarani. Ukishindwa usiwe na wasiwasi, tutakupeleka getini, uwe unaandika namba za magari yanayoingia na kutoka." Usiwe na wasiwasi! Eliakimu alizima simu, akatoka nje, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akatoka tena wa mbele. "Getini," akawa anasema peke yake. "Mimi niandike namba za magari ya wenzangu. Bora wanizike."

Hapo ndipo ile kompyuta ilipoanza kututia wazimu.

Kompyuta yenyewe ya zamani. Ofisi yao ilipobadilisha vifaa iliuza vile vikuukuu kwa mnada, naye akarudi na hiyo amebeba kifuani, meno yote nje. Mwanawe Seth aliichezea mpaka alipokwenda kusoma Mbeya, akaacha humo mchezo wa mashindano ya magari, pamoja na usukani wa plastiki unaobanwa mezani na pedali zake chini. Sasa mtaalamu wa mazoezi alikuwa amempa Eliakimu mpira mdogo wa kufinyafinya ili mkono upate nguvu. Alifinya kidogo akautupa juu ya kabati, eti hayo mambo ya watoto wachanga. Siku ile ya simu ya Bwana Henry akaukumbuka usukani wa Seth. "Hili ndilo zoezi la dereva," akasema, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nikamwona mdogo wangu amekaa kitini kwa hiari yake, nikasema afadhali.

Afadhali gani! Mchezo ulikuwa unaganda. Gari linakwenda vizuri, mara picha inasimama, inatetemeka, inaruka, na ikirudi gari liko ndani ya ukuta, moshi unatoka. Anaanza tena. Linakwenda, linaganda, ukuta. Anaanza tena. Jasho linamtoka, shingo imevimba mishipa, na mkewe Jenifa kila akisikia mlio wa kugonga anashtuka jikoni kama ni gari la kweli.

"Dada," akaniuliza jioni hiyo, "ni mimi au ni mashine?"

"Ni mashine," nikamwambia. "Haioni haya, inaganda mbele za watu."

"Umejuaje?"

Sikujua. Nilisema tu, kama unavyosema na mgonjwa. Naye akalijua hilo, maana alinitazama hivi, akaguna. Kuanzia hapo swali likawa hilo hilo asubuhi, mchana na jioni. Ni mimi au ni mashine? Ukimpa uji, anakuuliza. Ukimpa mlenda, anaukoroga na anakuuliza. Akili yake ilikuwa imeshafunga hesabu: mashine ikilainika, naye akaendesha bila kugonga, basi Jumatatu anakwenda kifua mbele. Na kama mashine ni nzima na bado anagonga, basi kiharusi kimekula kitu ambacho daktari hakukiona. Nilimwambia mchezo ni mchezo na gari ni gari. Akaniambia wewe umewahi kuendesha nini zaidi ya toroli. Mtu na dada yake mkubwa!

Akampigia Seth. Mtoto wa watu yuko chuoni ana masomo yake, lakini akamwelekeza baba yake kwa simu, hatua kwa hatua, huku Eliakimu akijibu kwa kelele utadhani Mbeya iko ng'ambo ya mto. Punguza ukubwa wa picha. Zima vivuli. Zima mng'aro wa vioo. Ondoa watazamaji. Ondoa miti. Funga zile programu zinazojifungua zenyewe kompyuta ikiwaka, maana zinakula nguvu bure. Akafanya yote. Aliwafukuza watazamaji, akakata miti, akanyoa majani, mpaka ile nchi nzuri ya kwenye mchezo ikabaki barabara na udongo mtupu, kama Chamwino wakati wa kiangazi. Picha ikawa mbaya, lakini gari likaanza kuteleza. Akapiga kofi mezani. "Umeona, Dada? Umeona?" Kabla sijajibu likaganda. Ukuta.

Aliupiga usukani ngumi ya mkono wa kulia mpaka ukachomoka mezani. Jenifa akaniita pembeni, machozi yanamlengalenga. "Wifi, utanisaidiaje? Halali. Usingizini anakanyaga breki, ananiumiza miguu."

Ndipo nikasema yatosha. Ijumaa asubuhi nilichukua bajaji, nikaipakata ile kompyuta kama mtoto mgonjwa, mpaka mjini kwa Mehjabin. Mehjabin ni binti wa pale dukani nyuma ya soko, baba yake aliuza redio na yeye anatengeneza kompyuta. Mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi vilevile. Tena ana jambo lake moja: anapenda Kiswahili safi. Wenzake wakisema "draiva", yeye anasema "dereva". Wakisema "gemu", yeye "mchezo". Anasema Mswahili anayejua lugha yake haombi maneno ya jirani. Mimi hilo hunifurahisha sana, lakini siku hiyo lilitaka kuniulia ndugu.

"Shikamoo Mama Hana," akanisalimu. "Leo umeniletea mafuta au maradhi?"

"Marahaba. Maradhi, mwanangu, tena ya haraka."

Akaifungua ubavuni. Loo! Vumbi lililokuwemo humo ungeweza kupandia karanga. Vumbi jekundu, limejaa kwenye feni, limeshikana kama sufi. Mehjabin akacheka mpaka akashika meza. Akaanza kulipuliza na kulitoa kwa brashi, kisha akaiwasha, akabonyeza hiki na kile, akatikisa kichwa. Nikampigia Eliakimu ili aelezwe mwenyewe, maana mimi nikibeba maneno ya kompyuta nitayamwaga njiani. Simu tukaiweka sauti ya wazi.

"Shikamoo Baba Seth," Mehjabin akasema. "Nimeshaona tatizo. Ni dereva."

Kwenye simu makubazi yake yakaacha kusaga changarawe.

"Dereva amezeeka sana," akaendelea, macho kwenye kioo cha kompyuta, mikono inabonyeza. "Mchezo umemzidi. Picha inakuja haraka, yeye anachelewa kuipokea. Ndiyo maana unaona mnagonga."

"Nani kakwambia?" Sauti ya Eliakimu ilikuwa ndogo.

"Nimemwangalia mwenyewe hapa. Ni wa zamani mno. Ushauri wangu tumwondoe tu, tuweke mwingine."

"Henry amekupigia? Eh? Ni Henry?"

"Henry gani, Baba?"

Simu ikakatika. Mehjabin akanitazama, nikamtazama, ndipo akili ikanijia nikajipiga paji la uso. "Mehjabin! Dereva ni nani?"

"Si ile programu ndogo inayoiongoza kadi ya picha?" akasema. Halafu akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Yaa Allah. Na yeye kazi yake ni..."

"Dereva!"

Nilimpigia Eliakimu, hakupokea. Nikampigia Jenifa, akaniambia ametoka, kaenda barabara ya Iringa kwa miguu, na jua lile. Nilimwachia Mehjabin kompyuta amalizie, nikadandia bajaji nyingine, nikamwambia kijana wa watu kimbiza. Tulimkuta mbali, karibu na mashamba ya zabibu, anakwenda kwa hasira, mguu mmoja ukiburuta kidogo kama unavyofanya akichoka. Nilitoa kichwa nje. "Wewe! Upepo! Ingia humu!" Hakusimama. Bajaji ikawa inamfuata polepole, mimi napiga kelele kutoka ndani na watu wa shambani wananyanyua vichwa. Nikamweleza hivyo hivyo, yeye anatembea na mimi nimekaa, kwamba dereva anayesemwa si mtu, ni programu, iko ndani ya kompyuta, na Mehjabin anaweka mpya.

Hapo ndipo aliposimama. Nilidhani atacheka. Mimi nilikuwa tayari kucheka, mbavu zilishaanza kunitekenya.

"Kwa hiyo kila kitu kina dereva ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Na anaweza akatolewa, akawekwa mwingine, na wala kitu chenyewe kisijue."

Nikamvuta ndani ya bajaji kwa shati, na njia nzima alikuwa akigongagonga goti lake kwa vidole. Dereva wa bajaji, ambaye alikuwa amesikia yote, alitushusha akiitazama bajaji yake kwa mashaka.

Kompyuta ilirudi jioni, imesafishwa, imewekwa dereva mpya, feni inalia kwa sauti ya uhai. Eliakimu akakaa, sisi tukasimama nyuma yake. Ikaenda! Laini, jamani, laini. Jenifa akapiga vigelegele. Jumamosi asubuhi nilipovuka ua kwenda kuwajulia hali nilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono kichwani. Imeganda tena. Ukuta.

"Basi ni mimi," akasema.

Nilishikwa na hasira nikampigia Mehjabin nikamwakia. Nikamwambia kazi gani hii ya siku moja. Naye hakukasirika, akaniuliza tu pole pole, "Mama Hana, ikiwa mezani inapumua?"

"Inapumuaje? Kompyuta?"

"Ina matundu nyuma na ubavuni. Hewa inaingia, joto linatoka. Haijabanwa na ukuta? Haijafunikwa?"

Nikaigeukia. Kuna jambo sijalisema kuhusu wifi yangu Jenifa: anafuma. Vitambaa vya kochi, vya meza, vya jokofu, cha televisheni, cha redio, cha mtungi wa gesi. Nyumba ile kuku akisimama sana atashtukia amevalishwa. Na kompyuta alikuwa ameifumia vazi zima, jeupe, la maua ya waridi, lenye malinda chini, linaloshuka kutoka utosini mpaka mezani, ili vumbi lisiingie. Ilipotoka kwa Mehjabin akalifua lile vazi haraka haraka, na Jumamosi alfajiri akaivisha tena kwa upendo.

"Haijafunikwa," nikamjibu Mehjabin. "Imevaa."

"Imevaa nini?"

"Gauni."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Halafu akasema, "Mvueni. Kompyuta ikipata joto kali inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Vumbi lote lile lilinasa ndani kwa sababu ya hilo gauni. Mwacheni akae uchi, mpulizeni vumbi kila wiki."

Jenifa aliivua mwenyewe, akalikunja gauni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakununa, ila aliumia, nilimwona. "Mimi nilidhani naitunza," akasema. Eliakimu hakumsikia. Alikuwa ameshaweka kiganja juu ya lile boksi la moto, anangoja lipoe, na mguu wake unadunda sakafuni kama cherehani.

Jumapili tulipotoka ibada hakungoja hata chakula. Alivua koti, akakaa. Mimi nilikaa kwenye kochi upande wake wa kulia, Jenifa mlangoni na ungo wa karanga za kumenya. Kesho yake ndiyo Jumatatu. Hakuna aliyeitaja.

Nisikilize sasa. Gari lilianza kwenda, na halikuganda. Likazunguka mara ya kwanza, halikuganda. Eliakimu akajitutumua, akarudisha watazamaji. Halikuganda. Akarudisha miti, akarudisha vivuli, nchi yote ikajaa tena, na gari linateleza humo mororo kabisa. Kona za kulia anazila kama anavyozila za mlima Nyang'oro njia ya Iringa. Mkono wake wa kushoto unageuza usukani sawasawa na wa kulia. Nilisikia moyo wangu ukishuka mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikamwambia Jenifa kwa macho, umeona?

Akagonga.

Akacheka. "Hilo limetokea wapi?"

Lilikuwa gari jeupe. Lilikuja kutoka kushoto, mimi nililiona tangu mbali, nikadhani analichezea tu. Akaanza tena. Akaenda vizuri, vizuri, kisha akagonga nguzo. Ya kushoto. Akaanza tena. Akagonga gari jekundu. "Ah! Limetokea wapi hili nalo?" Halikutokea popote. Lilikuwa pale, kubwa, linang'aa, linamsogelea pole pole kutoka kushoto, na yeye ameshika usukani ametulia kabisa, uso hauna hata dalili, mpaka yakagongana.

"Mashine bado," akasema. "Inaficha magari."

Nikaitazama mashine. Feni inavuma, picha haitetemeki. Sijawahi kuomba kitu cha kipumbavu maishani, lakini siku hiyo niliiombea igande. Ganda, nikasema moyoni, ganda hata mara moja, tukurudishe kwa Mehjabin, tukugombeze, tununue nyingine. Haikuganda. Akagonga tena, kushoto.

Niliinuka. Sikujua nataka kufanya nini, miguu ndiyo iliyoamua. Nikapita nyuma ya kiti chake nikaenda kusimama upande wa dirisha, kushoto kwake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Dada, itazame kona hii," akasema. "Hii ndiyo iliyokuwa inanisumbua."

Sikujibu.

"Dada?" Akatupa jicho kwenye kochi, hapakuwa na mtu. "Jenifa, Dada kaenda wapi? Ametoka nje?"

Jenifa akainua uso kutoka kwenye ungo. Akamtazama mumewe. Akanitazama mimi niliyesimama begani kwake. Karanga zikamtoka mkononi, akatingisha kichwa kama mtu anayekataa habari.

Nikanyoosha mkono mbele, karibu na uso wake. Nikautikisa. Hakuona. Nikausogeza, nikausogeza, mpaka ukakaribia pua ndipo aliporuka kitini.

"Ebo! Umetokea wapi?"

Alipolisema hilo alijisikia mwenyewe. Niliona linavyomwingia. Aligeuza shingo yote mpaka akanipata, akanitazama kwa muda mrefu, gari kwenye kioo limeshaacha barabara na linasaga majani. Kisha akageuka tena mbele, akaketi wima.

"Nyoosha mkono," akasema.

"Nimenyoosha."

"Utikise."

"Nautikisa, Eliakimu."

Nje mtu alipita na pikipiki. Mimi nililia, sitaficha, na nikilia mimi hugeuka kuwa mkali, basi nikamgeukia na maneno. Nikamwambia asiwe mjinga. Kesho ni uwanjani tu, hakuna watu pale, kuna koni. Atageuza shingo. Ajizoeze leo kutwa kugeuza shingo, Bwana Henry atadhani ni uangalifu. Mkono mzima, mguu mzima, nani atajua? Ukienda getini, nikamwambia, utakufa kwa kukaa, mimi nakujua tangu unanyonya. Yote hayo niliyasema, na kila neno nililimaanisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mguu wake haukuwa unadunda.

"Dada," akasema, "watoto wa shule wakitoka pale Mkonze, nikiwa nakuja na gari, wanakuwa upande wangu upi?"

Nilijua. Kila mtu anajua. Tunaendesha kushoto, na ukingo wa kushoto ndio wenye watoto, wenye mama na ndoo, wenye mzee na baiskeli yake. Nikajipangusa uso kwa khanga.

Akanyoosha mkono kuchukua simu mezani. Ilikuwa kushoto, akaipapasa mpaka akaipata. Akabonyeza, akasimama, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Eliakimu anaongea na simu bila kutembea.

"Bwana Henry, samahani kwa Jumapili. Kesho siji kujaribiwa. Nakwenda kupimwa macho kwanza, halafu hilo la getini tutaliongea." Akasikiliza. "Hapana, mkuu, mkono umepona kabisa. Sikiliza. Dada yangu alikuwa amesimama hapa, kando yangu hapa, nami nauliza ametoka kwenda wapi."